Baba Akiitwa Kwenye Utafiti wa Dawa ya Saratani

(Mada iliyotolewa katika kikao cha vijana na wazazi baada ya swala ya tarawehe. Imeandikwa upya kwa ajili ya wasomaji wa jarida hili.)



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.   Wewe msomaji uliyeko nyumbani, soma kana kwamba umeketi nasi hapa mkekani.

Mada niliyopewa ni ya ugonjwa wa wanaume, tena wa sehemu ambayo hatupendi kuitaja. Najua wapo watakaosema, mbona haya yanasemwa mbele ya watu? Lakini kumbuka chuoni tulikosomea. Tulikuwa watoto wadogo, na maalim akatufundisha twahara, janaba na hedhi, jambo moja baada ya jingine, na wala hakuinamisha uso. Kama elimu ile haikuonewa haya, basi na hii tusiionee haya. Wahenga walishatuonya: mficha maradhi, kilio kitamuumbua.

Sasa chukulia hivi. Umempeleka baba yako kliniki. Ameshapimwa na amegundulika ana saratani ya tezi dume, nayo imefika mifupani. Daktari anamwambia, "Mzee, kuna utafiti wa dawa unaoendelea. Ukipenda unaweza kujiunga." Anampa karatasi kumi hivi, za Kiingereza na Kiswahili, akazisome nyumbani. Baba hamjibu daktari. Anakugeukia wewe, kwa sababu wewe ndiye msomi wa nyumba. Utamwambia nini?

Naomba usimwambie haraka "kubali", na usimwambie haraka "kataa". Kuna mambo ya kujua kwanza.

UGONJWA WENYEWE

Tezi dume ni kiungo kidogo, kiasi cha ndimu ndogo, kilicho chini ya kibofu cha mkojo. Kila mwanamume anacho. Saratani yake ni miongoni mwa saratani zinazowapata wanaume wengi zaidi duniani. Katika mwaka wa 2022 peke yake waligunduliwa wagonjwa wapya zaidi ya 1,400,000, na karibu wanaume 400,000 walifariki kwa ugonjwa huu. Hapa Kenya ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanaume.

Na sisi watu weusi unatugusa zaidi. Uingereza, mwanamume mweusi 1 kati ya 4 hugunduliwa na ugonjwa huu katika maisha yake, hali ya kuwa kwa wanaume wote kwa jumla ni 1 kati ya 8. Marekani, wanaume weusi hufa kwa ugonjwa huu kwa kiwango cha karibu mara mbili ya wazungu.

Ugonjwa ukigunduliwa mapema, ungali ndani ya tezi, mara nyingi hutibika. Ukishatoka ukaenda mifupani, hapo madaktari huuita saratani iliyosambaa. Tiba huuzuia na kuutuliza, huenda kwa miaka kadhaa, lakini ni shida kuung'oa wote. Tiba ya msingi ni ya homoni. Mwaka wa 1941 huko Chicago, daktari Charles Huggins na mwenzake Clarence Hodges walionyesha kwamba saratani hii hulishwa na testosteroni, homoni ya kiume, na kwamba homoni hiyo ikipunguzwa ugonjwa hurudi nyuma. Huggins alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1966 kwa kazi hiyo. Mpaka leo, mgonjwa hudungwa sindano za kushusha homoni au hufanyiwa upasuaji wa korodani.

Tatizo ni kwamba saratani huzoea. Baada ya muda huanza kukua hata homoni ikiwa chini. Hapo ndipo penye haja ya dawa mpya, na hapo ndipo watafiti wanapobisha hodi.

DAWA HUJULIKANAJE KWAMBA INAFAA?

Daktari mmoja anaweza kumpa mgonjwa mmoja dawa na mgonjwa akapata nafuu. Jirani naye atasema mti fulani ulimponya mjomba wake. Utajuaje kama ni ile dawa, au ni ugonjwa tu uliokuwa mpole? Njia ni kuwachukua wagonjwa wengi wanaofanana, kundi moja lipewe tiba ya kawaida, kundi jingine lipewe tiba ya kawaida pamoja na dawa mpya, kisha wote wafuatiliwe kwa uaminifu.

Huwa kuna awamu. Ya kwanza ni ya watu wachache, kujua kipimo gani kinastahimilika. Ya pili huangalia kama dawa inaugusa ugonjwa. Ya tatu ni ya watu mamia au maelfu, kulinganisha dawa mpya na ile ya zamani. Kwa hivyo baba akiitwa, swali la kwanza kabisa ni: hii ni awamu ya ngapi? Aliyeitwa awamu ya kwanza na aliyeitwa ya tatu hawako katika hali moja.

Nikupe mfano wa kweli. Mwaka wa 2005 Uingereza ilianzisha utafiti uitwao STAMPEDE, kwa wanaume wenye saratani ya tezi dume iliyosambaa au iliyo katika hatari ya kusambaa. Uliendelea kupokea wagonjwa hadi 2023, na walioingia walikaribia 12,000. Hakuna aliyeachwa bila tiba. Kundi la kulinganishia lilipata tiba ya kawaida ya wakati ule, na makundi mengine yakaongezewa dawa moja au nyingine.

Moja ilikuwa dosetakseli, dawa ya kemo. Zamani ilikuwa ikipewa mwisho, homoni ikishashindwa. Watafiti wakauliza, je, tukiitoa mwanzoni? Jibu lilitoka 2015. Kwa wale ambao saratani ilikuwa imeshasambaa, nusu ya waliopata tiba ya kawaida waliishi kupita miezi 45. Kwa walioongezewa dosetakseli, nusu yao waliishi kupita miezi 60. Hiyo ni zaidi ya mwaka mzima, kwa dawa ambayo tayari ilikuwa kabatini!

Mwaka wa 2017 likatoka jibu la dawa nyingine, vidonge viitwavyo abirateroni. Baada ya miaka 3, katika kila wanaume 100 waliopewa, 83 walikuwa hai. Katika 100 wa tiba ya kawaida, walikuwa 76. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani likaitia abirateroni kwenye orodha yake ya dawa muhimu, orodha ambayo nchi nyingi huitazama zinapopanga dawa zao.

Lakini usisikie upande mmoja tu. Katika utafiti huo huo ilijaribiwa dawa iitwayo selekoksibu, na mwaka wa 2011 makundi yake yakafungwa kwa sababu haikuonyesha manufaa ya kutosha. Wanaume walioimeza walijitolea sawasawa na wenzao, na walichokipata ni jibu la "hapana". Jibu hilo nalo lina faida, maana linamwepusha mgonjwa wa kesho na dawa isiyomsaidia. Ila mwambie baba ukweli: anaweza kuangukia kwenye kundi hilo.

KURA

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba si mgonjwa wala daktari anayechagua kundi. Kompyuta hupiga kura. Wazee huuliza, "Yaani maisha yangu yachezewe pata potea?" Swali ni la haki na lina jibu. Kama madaktari wangekuwa wanajua kwa yakini dawa ipi ni bora, isingejuzu kumnyima mtu yeyote, na utafiti usingehitajika. Kura hupigwa kwa sababu hawajui. Na daktari angeachiwa kuchagua, pengine angewapa dawa mpya wale wenye nguvu tu, na matokeo yangekuwa ya uongo bila mtu kukusudia.

Wakati mwingine kundi moja hupewa vidonge visivyo na dawa ndani, vinavyofanana na vile vya kweli. Ndivyo ilivyokuwa katika utafiti mmoja wa abirateroni uliotoa matokeo 2011, kwa wanaume 1,195 ambao tayari walikuwa wametumia dosetakseli. Wote walipata prednisoni. Tofauti ilikuwa ni abirateroni. Nusu ya walioipata waliishi kupita miezi 14.8, na nusu ya wasioipata waliishi kupita miezi 10.9. Faida ilipoonekana wazi, wale wengine nao wakaruhusiwa kuipata dawa.

Karibu miezi minne. Kwa mwenye afya si kitu. Kwa mzee anayengoja kumuozesha binti yake, ni kitu kikubwa. Lakini si muujiza, na yeyote atakayemuahidi baba yako muujiza, shika viatu vyenu muondoke.

HOFU YA WAZEE INA MSINGI

Ukimsikia mzee anasema "wanataka kutufanya panya", usimcheke. Kuna historia. Kuanzia 1932 huko Tuskegee, jimbo la Alabama, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600. Kati yao 399 walikuwa na kaswende. Waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya". Hawakuambiwa ugonjwa wao. Penisilini ilipokuja na kuwa tiba inayojulikana katika miaka ya 1940, wao wakanyimwa, ili ionekane tu ugonjwa utawafikisha wapi. Mambo hayo yalikwenda mpaka 1972, yalipofichuliwa gazetini. Rais Bill Clinton aliomba radhi 1997, na wengi wao walikuwa wameshakufa.

Sheria tunazoziona leo zimetokana na machungu kama hayo. Azimio la Helsinki la madaktari wa dunia lilipitishwa 1964 na limerekebishwa mara nyingi tangu hapo. Hapa kwetu, jaribio la dawa halianzi mpaka lipitishwe na kamati ya maadili na lipate idhini ya Bodi ya Dawa na Sumu. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inataka mgonjwa aelezwe na aridhie.

Pwani yetu si mgeni wa mambo haya. Kilifi ilikuwa mojawapo ya vituo vya jaribio kubwa la chanjo ya malaria lililoanza 2009 na kumalizika 2014, lenye watoto zaidi ya 15,000 katika nchi 7 za Afrika. Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike. Kuna wazazi hapa Pwani waliouliza maswali, wakaelewa, wakatia sahihi.

Kwenye saratani ya tezi dume, mambo ni kinyume. Utafiti mwingi mkubwa umefanywa Ulaya na Marekani, na wanaume weusi walioingia ni wachache sana, hali ya kuwa ndio wanaoumia zaidi. Dawa inakuja kwetu ikiwa imepimwa kwa watu wengine. Tukikataa wote kwa hofu, hali itabaki hivyo. Tukikubali wote bila kuuliza, tutakuwa tumesahau Tuskegee. Katikati ya hayo mawili pana kazi, na kazi hiyo ni yako wewe kijana.

KAZI YAKO: KUULIZA

Kaa na baba mahali penye faragha. Mwanzie kwa adabu: "Baba, ukiniruhusu nikusomee hizi karatasi, kisha tuandike maswali tumpelekee daktari." Msomee zote, kwa Kiswahili anachokielewa, usimrukie sehemu ya madhara. Kisha andikeni maswali haya:

1. Utafiti huu unataka kujua nini, na ni awamu ya ngapi?

2. Asipojiunga, atapata tiba gani? Je, ataendelea kuhudumiwa vizuri vile vile?

3. Akipigiwa kura kundi la kulinganishia, atakuwa anapewa nini hasa?

4. Madhara yanayojulikana ni yapi? Akidhurika, nani atamtibu na kwa gharama ya nani?

5. Ataenda hospitali mara ngapi? Nauli ni ya nani?

6. Damu yake na vipande vya nyama vinavyopimwa vitapelekwa wapi, na vitahifadhiwa muda gani?

7. Anaweza kuchunguzwa na daktari mwanamume? Na ndani ya kidonge kuna nini?

8. Utafiti ukiisha na dawa imemfaa, ataendelea kuipata?

9. Kamati gani ya maadili imeupitisha, na namba ya simu ya kamati ni ipi?

Swali la nane usiliache. Kwa familia zetu ndilo linaloweza kuumiza zaidi: dawa imfae mzee, utafiti ufungwe, kisha aambiwe ajinunulie. Jibu lipatikane kabla ya sahihi.

La pesa pia. Kwa kawaida anayejiunga na utafiti halali hatozwi bei ya dawa inayojaribiwa. Ukikutana na mtu anayeuza chupa ya "dawa mpya ya saratani iliyo kwenye majaribio", huyo anafanya biashara. Utafiti wa kweli huandikishwa hadharani, na unaweza kuutafuta kwenye intaneti katika daftari la majaribio la Afrika au lile la Marekani.

Na jua haki tatu ambazo hakuna anayeweza kumnyang'anya: haki ya kuuliza mpaka aelewe, haki ya kukataa, na haki ya kujitoa hata kama ameshaanza. Akijitoa, lazima aendelee kutibiwa kama mgonjwa mwingine yeyote. Ni vizuri tu ajitoe kwa kumwambia daktari, maana dawa nyingine haziachwi ghafla.

MWEZI HUU NA VIDONGE

Ruhusa ya mgonjwa kutofunga tunaijua sote. Lakini tunawajua pia wazee wetu. Baba atafunga kimya kimya, vidonge atavisogeza mpaka magharibi, na daktari hatajua. Hili ni hatari, na nitakupa sababu moja tu.

Abirateroni humezwa mara moja kwa siku tumbo likiwa tupu: angalau saa mbili baada ya kula, na angalau saa moja kabla ya kula tena. Ikimezwa pamoja na chakula, hasa chakula cha mafuta, mwili huipokea kwa wingi kupita kipimo. Sasa mfikirie mzee anayemeza vidonge vyake pale pale kwenye futari, baina ya sambusa na viazi karai! Na ile prednisoloni inayoandamana nayo yenyewe hutakiwa kumezwa pamoja na chakula. Yaani vidonge viwili vya mgonjwa mmoja vina masharti tofauti.

Kwa hivyo kabla ya Ramadhan, mpeleke baba kwa daktari wa utafiti na umuulize wazi: anaweza kufunga? Kama anaweza, vidonge viwe saa ngapi, baina ya futari na daku? Kama hawezi, mpeleke kwa sheikh anayemwamini amtulize moyo. Na siku aliyosahau kidonge, aseme amesahau. Watafiti huhesabu vidonge vilivyobaki na huandika kila anachowaambia. Akiwaficha, atajidhuru mwenyewe, na tena atapotosha jibu linalosubiriwa na wagonjwa wengine. Hiyo ni amana.

UAMUZI NI WAKE

La mwisho, vijana wenzangu. Tukishasoma kidogo, tunapenda kuwaamulia wazee. Baba anaweza kusoma yote, akauliza yote tisa, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nimechoka, nataka tiba ya kawaida na nikae na wajukuu." Huyo ameamua, na umuunge mkono. Mwingine atasema, "Hata kama haitanifaa mimi, pengine itakufaa wewe." Naye ameamua. Kumbuka ugonjwa huu hutembea katika familia. Mtoto au ndugu wa mgonjwa yuko katika hatari zaidi ya mtu mwingine, kwa hivyo maneno hayo ya baba si ya kupamba mazungumzo. Dawa itakayojulikana leo huenda ikamezwa na wewe.

Basi usiku huu ukirudi nyumbani, muulize baba, ami au babu yako kama ameshawahi kupimwa. Kama tayari anaumwa, muulize daktari amemwambia nini na kama ana karatasi yoyote ambayo hajaisoma. Kaa naye muisome.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na azipokee funga zetu na za wale waliotamani kufunga wakazuiliwa na maradhi. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.